Sarufi ya Ukosoaji: Anwani za Tamthiliya za Penina Muhando na Lugha ya Dola ya Ujamaa, 1972–1984

Ikisiri

Tamthiliya za Penina Muhando husomwa kwa kawaida kama hazina ya dhamira za ukombozi wa mwanamke. Makala hii inahoji kwamba usomaji huo, ingawa si wa makosa, unaacha nje jambo la msingi: Muhando aliandika ndani ya dola ya chama kimoja ambayo ilikuwa imekwisha kuyamiliki maneno yote makuu ya ukombozi. Kwa kuwa msamiati ulikuwa wa pamoja, tofauti kati ya mtunzi na dola haikuweza kuonekana kwa urahisi katika maneno. Ilijitokeza katika sarufi. Makala inachambua anwani za tamthiliya zilizochapishwa kati ya 1972 na 1984, hususan Nguzo Mama na Lina Ubani, ikifuatilia vimilikishi, upatanisho wa kisarufi na udondoshaji. Kwa ulinganisho mfupi na mwandishi wa Estonia, Viivi Luik, inaonyeshwa pia kwamba uteuzi wa mzungumzaji asiyewajibishwa na maneno yake ni mbinu ya fasihi iliyoandikwa chini ya dola yenye sauti moja.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi iliyoandikwa chini ya dola zenye itikadi moja umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya mifano ya Ulaya Mashariki. Katika mifano hiyo mwandishi huwa na njia tatu: kunyamaza, kukimbilia ughaibuni, au kusema kwa mafumbo. Estonia ya zama za Kisovieti inatoa kielelezo kwa kila njia. Mshairi Marie Under aliikimbia nchi mwaka 1944 na kuishi Sweden hadi kufa kwake. Betti Alver (1906–1989) alibaki. Mumewe, mshairi Heiti Talvik, alikamatwa mwaka 1945 na kufia Siberia mwaka 1947, na Alver mwenyewe alifukuzwa katika umoja wa waandishi mwaka 1950. Viivi Luik, aliyezaliwa mwaka 1946, alichapisha mwaka 1985 riwaya inayousimulia wakati wa Stalin kwa macho ya mtoto mdogo.

Ukipelekwa Tanzania bila marekebisho, mkabala huo hauzai matunda. Hapakuwa na Siberia. Waandishi wa kike wa kizazi cha Azimio la Arusha hawakufukuzwa. Wengi walikuwa wahadhiri wa chuo kikuu cha umma na washiriki wa dhati wa mradi wa Ujamaa. Hata kisa kinachotajwa mara nyingi, cha riwaya ya Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi kuzuiwa mashuleni, kilihusu zaidi maadili kuliko siasa. Kutokana na hali hiyo, baadhi ya usomaji hufikia uamuzi wa haraka kwamba mwandishi wa Ujamaa ama alikuwa kasuku wa chama ama alikuwa mpinzani aliyejificha. Makala hii inadai kwamba Muhando hakuwa hata mmoja kati ya hao wawili, na kwamba ushahidi wa dai hilo umo katika kiwango ambacho uhakiki wa dhamira haukigusi, yaani muundo wa virai na sentensi.

2.0 Mtunzi na Wakati Wake

Penina Muhando, ambaye pia hujulikana kama Penina Mlama, alizaliwa mwaka 1948 Berega, mkoani Morogoro. Alisoma na kufundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako tasnifu yake ya uzamivu ilishughulikia maonyesho ya jadi ya Wakaguru kama asasi ya kufundishia. Tamthiliya zake zilifuatana kwa kasi: Hatia (1972), Tambueni Haki Zetu (1973), Heshima Yangu (1974), Pambo (1975) na Talaka Si Mke Wangu (1976). Baada ya kimya cha miaka kadhaa zikaja Nguzo Mama (1982), Harakati za Ukombozi (1982), aliyoiandika pamoja na Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya, na Lina Ubani (1984). Katika miaka hiyohiyo ya themanini alishiriki na Lihamba katika sanaa za maonyesho kwa maendeleo, ambapo wanakijiji wenyewe huibua tatizo, hulitungia igizo na kulijadili. Kazi ya Malya, mkoani Mwanza, ni mfano unaofahamika. Baadaye aliongoza shirika la Afrika nzima la wanawake waelimishaji, FAWE, na kukalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere katika chuo kikuu alichokitumikia.

Wakati alipoanza kuandika, dola ilikuwa imekwisha kuiita fasihi kazini. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria mwaka huohuo. Mwaka 1968 Rais Nyerere aliwaita washairi na kuwataka waieneze siasa mpya. Ngonjera za Mathias Mnyampala, zilizochapishwa chini ya mwavuli wa UKUTA, ni tunda la wito huo. Ngonjera ina umbo maalumu: mmoja haelewi, mwingine anaeleza, na mwishoni asiyeelewa anakiri kuwa ameelewa. Ni usemezano ambao hitimisho lake linajulikana kabla haujaanza.

Jambo la kuzingatia ni kwamba dola hiyo haikuwa kimya kuhusu wanawake. Katika waraka wake wa mwaka 1967 kuhusu ujamaa vijijini, Nyerere alikiri waziwazi kwamba katika maisha ya jadi mwanamke alifanya kazi kupita sehemu yake ya haki. Umoja wa Wanawake, ulioanzishwa mwaka 1962, ulikuwa chombo rasmi, na baada ya CCM kuzaliwa Februari 1977 uliendelea kama jumuiya ya chama. Haki, heshima na ukombozi, maneno ambayo mwandishi wa kike wa nchi nyingine angeyatumia kuipinga dola yake, yalikuwa tayari kwenye hotuba za viongozi. Swali la makala hii linatokana na hapo: mtunzi afanye nini pale ambapo anayetaka kumkosoa ameshasema maneno yaleyale?

3.0 Kuhamia na Kuhamishwa: Mfano wa Nyanda za Juu za Kigoma

Kabla ya kuzigeukia tamthiliya, inafaa kuonyesha kwamba mvutano kati ya msamiati na sarufi haukuwa wa jukwaani peke yake. Mkoa wa Kigoma ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kufikiwa na operesheni za vijiji. Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972, mwaka mmoja baada ya ile ya Dodoma, na kabla ya tamko la Novemba 1973 lililofanya kuishi katika vijiji kuwa amri kwa nchi nzima ifikapo mwisho wa 1976. Katika nyanda za Kasulu na Kibondo, pamoja na maeneo kama Kagerankanda, kaya za Waha zilikuwa zimezoea makazi ya kutawanyika, kila boma na mashamba yake.

Lugha ya kila siku ya watu hao ilikuwa Kiha. Operesheni iliwafikia kwa Kiswahili. Neno operesheni lenyewe, kijiji cha ujamaa, balozi wa nyumba kumi, yote yalikuja yakiwa maneno ya dola kabla hayajawa maneno ya nyumbani. Lakini la kuvutia zaidi ni kitenzi. Msamiati wa kampeni ulipendelea kuhamia vijijini. Kuhamia ni kauli ya kutendea: mhamaji ndiye kiima, na kijiji ndiko anakoelekea kwa hiari yake. Kitenzi kilichoelezea yaliyowapata wengi ni kuhamishwa, ambacho kina kiambishi cha usababishi na cha kutendwa kwa pamoja: yupo aliyesababisha, na kauli ya kutendwa inaruhusu asitajwe. Mzizi ni uleule, -ham-. Hakuna neno la upinzani lililoongezwa. Vinyambuo vimebadilika, na maana ya kisiasa imegeuka nayo.

Hali hiyo ndiyo mazingira ya kiisimu ya tamthiliya zinazojadiliwa hapa. Mtazamaji wa miaka ya sabini na themanini alikuwa na sikio lililozoezwa kutofautisha kuhamia na kuhamishwa, hata pale ambapo hakuwa na jukwaa la kuisema tofauti hiyo.

4.0 Anwani kama Matini

4.1 Vimilikishi, 1972–1976

Anwani ya kwanza, Hatia, ni nomino moja isiyo na mwenyewe. Tamthiliya inahusu mimba ya msichana asiyeolewa, na fumbo lake lote ni kimilikishi kinachokosekana: hatia ya nani? Kisheria na kidini nomino hii hudai mwenye kuibeba. Hapa imeachwa wazi ili hadhira ishiriki katika kuigawa.

Tambueni Haki Zetu inaingia moja kwa moja katika sarufi ya mkutano wa hadhara. Kiishio -eni cha amri kwa wengi ndicho kilichozoeleka katika hotuba na nyimbo za hamasa: limeni, jengeni, someni. Mwenye kuamuru alikuwa kiongozi, na walioamriwa walikuwa wananchi. Katika anwani hii mwelekeo umepinduliwa. Wanaosema zetu ndio wanaoamuru, na anayeamriwa, yule aliyemo ndani ya -eni, hana jina. Umbo la kitenzi ni la dola. Kilichohama ni nafasi ya msemaji.

Mwaka uliofuata kimilikishi kinapungua kutoka wingi hadi umoja: Heshima Yangu. Katika zama zilizosisitiza sisi, matumizi ya -angu hayakuwa jambo dogo. Mwaka 1976 kimilikishi hicho cha umoja kinarudi, lakini sasa kimo kinywani mwa mwanamume. Talaka Si Mke Wangu inaweza kusomwa kama tamko la kuacha, tendo-uneni ambalo likitamkwa huibadilisha hali ya mtu. Mwanamke anayezungumziwa hana nafasi ya kiima katika anwani. Anaonekana ndani ya kiarifu tu, baada ya kitenzi kishirikishi kikanushi si. Anatajwa kwa kukanwa. Hapo tatizo la haki za mwanamke halijaelezwa kwa hoja, limeonyeshwa kwa nafasi anayopewa katika sentensi.

4.2 Nguzo Mama

Tamthiliya ya 1982 inawaonyesha wanawake wa kijiji cha Patata wakihangaika kuisimamisha nguzo iliyolala chini. Kila wanapojaribu, shida za maisha yao na mivutano baina yao huwakwamisha, na hadi mwisho nguzo haijasimama. Anwani inaundwa na nomino mbili zilizowekwa sambamba bila kiunganishi. Mtunzi angeweza kuandika Nguzo ya Mama, na a-unganifu ingeonyesha umilikaji. Au Mama ni Nguzo, na kishirikishi ni kingetoa dai. Dai hilo la pili ndilo lililosikika mara kwa mara katika lugha rasmi, iliyomsifu mwanamke kuwa nguzo ya familia na ya taifa. Muundo uliochaguliwa unakataa kudai na unakataa kumilikisha.

Aidha, mama katika nafasi ya pili ya kirai cha namna hii hufanya kazi ya kivumishi chenye maana ya kuu au asili, kama katika kampuni mama au sheria mama. Kwa hiyo anwani inasomeka kwa njia mbili kwa wakati mmoja: nguzo ambayo ni mama, na nguzo kuu inayobeba nyingine zote. Usomaji wa pili unamfanya mwanamke kuwa sifa ya kitu kingine.

Upatanisho unalithibitisha jambo hili. Mama akiwa kiima hupatanishwa kwa a-: mama amesimama. Ndani ya kirai nguzo mama, kichwa ni nguzo, na upatanisho ni wa ngeli ya i-: nguzo mama imelala. Kiswahili hulinda kwa wivu upatanisho wa viumbe hai. Hata nomino za ngeli nyingine zinapotaja mtu au mnyama huvutwa kwenye a-/wa-. Hapa ulinzi huo umevunjika. Pale mama anapotukuzwa na kuwa nguzo, anapoteza kiambishi chake cha utu. Ni vigumu kupata ukosoaji mkali zaidi wa sifa ambazo dola ilimpa mwanamke, na hakuna neno hata moja la matusi lililotumika.

Majina ya wahusika yanaendeleza hoja. Wanawake wa Patata huitwa kwa namba, kuanzia Bi Moja hadi Bi Nane. Namba ni lugha ya orodha: ya kaya zilizohesabiwa, ya nyumba kumi, ya kadi za chama. Hata hivyo orodha haikufanikiwa kuwameza wote. Wa pili si Bi Mbili bali Bi Pili, na Pili, kama Tatu, ni jina halisi la mtoto wa kike katika jamii za Waswahili, linalotolewa kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa. Katika majina hayo mawili namba inarudi kuwa mtu, na mpaka kati ya kuhesabiwa na kuitwa unafifia.

4.3 Lina Ubani

Tamthiliya ya 1984 iliandikwa nchi ikiwa katika dhiki iliyofuata Vita vya Kagera vya 1978–1979. Anwani yake inatokana na methali inayofahamika, la kuvunda halina ubani. Mtunzi ameifanyia methali hiyo udondoshaji wa aina mbili. Kwanza ameondoa kiambishi kikanushi ha-, na hukumu ya kukata tamaa ikageuka kuwa tumaini: dawa ipo. Pili ameondoa kirai chote cha kiima, la kuvunda. Kilichobaki ni kiambishi cha upatanisho li- kinachosubiri nomino.

Udondoshaji wa pili ndio wenye uzito. Anayeijua methali anaisikia sehemu iliyofichwa, na kwa hiyo anajua kwamba kuna kitu kimeanza kuoza. Ni kitu gani? Katika methali, la hupatana na jambo lisilotajwa. Lakini ngeli ya li- inapokea pia taifa, na inapokea azimio. Taifa lina ubani. Azimio lina ubani. Sarufi haimlazimishi msomaji kuchagua, ila inamwekea mipaka: nomino kama chama au ujamaa haziingii katika nafasi hiyo. Kinachoweza kuponywa ni taifa na ahadi yake. Kuhusu vyombo vilivyokabidhiwa ahadi hiyo, anwani haisemi lolote.

Tofauti na lugha rasmi ya wakati huo inaonekana wazi. Mwaka 1983 dola ilianzisha kampeni kali dhidi ya wale iliowaita wahujumu uchumi, na sheria ikatungwa kwa ajili yao. Kwa dola, ugonjwa wa nchi ulikuwa na jina tayari, nomino ya ngeli ya watu, wingi, yenye mkosaji ndani yake. Mwaka mmoja baadaye Muhando aliiacha nafasi hiyohiyo ya nomino ikiwa tupu, na kuirudishia hadhira kazi ya utambuzi wa ugonjwa.

5.0 Msemaji Asiyewajibishwa

Kama hoja ingekomea kwenye anwani, ingekuwa dhaifu. Inapata nguvu kwa sababu mbinu hiyohiyo ya kuhamisha nafasi bila kubadili maneno inaonekana katika uteuzi wa wasemaji. Msimulizi wa Nguzo Mama ni Chizi. Kisheria na kijamii maneno ya mwendawazimu hayamfungi. Kwa sababu hiyo anaweza kusema ambayo mwanakijiji mwenye akili timamu angepaswa kuyajibu mbele ya kikao. Wendawazimu hapa ni leseni ya kusema.

Ulinganisho na Luik unaonyesha kwamba si suala la Tanzania peke yake. Riwaya yake ya 1985, Seitsmes rahukevad, inasimuliwa kupitia mtoto wa kike wa miaka mitano katika kijiji cha Estonia ya 1950 na 1951, muda mfupi baada ya watu wengi kupelekwa Siberia kwa nguvu Machi 1949 na mashamba kukusanywa kuwa ya pamoja. Mtoto naye hawajibishwi. Masikio yake yamejaa maneno ya redio, naye huyachukua kama yalivyo, huku msomaji mtu mzima akiona pengo kati ya maneno hayo na nyumba zilizobaki tupu.

Pamoja na ufanano huo, tofauti ni kubwa, na ndiyo inayoipa kazi ya Muhando upekee wake. Kwa Mwestonia, lugha ya dola ilikuwa na harufu ya ugeni. Kuikwepa ilitosha kuwa msimamo. Kwa Muhando, lugha ya dola ilikuwa Kiswahili, lugha ya uhuru, iliyomuunganisha binti wa Ukaguru na wasomaji wake wa Kasulu, Pemba na Musoma. Hakuweza kuikwepa bila kujinyima hadhira, wala hakutaka kuikwepa, kwa kuwa aliamini sehemu kubwa ya ahadi zake. Ukosoaji wake ni wa mtu wa nyumbani, anayeyajua maneno ya wazee wa nyumba hiyo na anayedai yatimizwe. Harakati za Ukombozi inathibitisha hili: kirai ambacho Watanzania walikizoea kwa habari za Msumbiji na Zimbabwe kimebakizwa kizima bila kuguswa, na tamthiliya ikakielekeza kwenye historia ya nchi yenyewe, hadi kwenye miaka ya baada ya Azimio.

6.0 Mipaka ya Usomaji Huu

Usomaji wa kisarufi una hatari zake. Anwani hupita mikononi mwa wachapishaji, na mfuatano wa vimilikishi kutoka 1973 hadi 1976 hauwezi kuchukuliwa kama mpango uliokusudiwa tangu mwanzo. Pia mbinu ya Muhando ina gharama. Wahusika wenye namba badala ya majina huonyesha mfumo vizuri kuliko wanavyoonyesha nafsi, na mtazamaji wa Nguzo Mama anaweza kuondoka akiamini kwamba nguzo imeshindikana kwa sababu wanawake hawapendani. Kuiacha nafasi ya mtenda ikiwa tupu kunamwachia msomaji mvivu fursa ya kuijaza kwa lawama iliyo karibu zaidi, nayo mara nyingi ni lawama kwa mwanamke mwenyewe. Mtunzi aliyejificha katika sarufi anategemea hadhira yenye masikio ya kisarufi.

7.0 Hitimisho

Hapo ndipo ulipo uzito wa suala hili kwa ufundishaji wa sasa. Katika madarasa mengi tamthiliya hizi hufundishwa kwa orodha: dhamira, wahusika, tamathali, mafanikio na udhaifu. Mwanafunzi anajifunza kwamba Muhando anatetea haki za mwanamke, jibu ambalo dola ya Ujamaa yenyewe ingelikubali bila shida mwaka 1974. Linalopotea ni lile ambalo dola isingelikubali kwa urahisi: kwamba mwanamke anayeitwa nguzo anaweza kupoteza upatanisho wake wa utu, na kwamba kuna kitu cha ngeli ya li- kilichoanza kuoza.

Msomaji wa nyanda za juu za Kigoma ambaye wazazi wake walihamishwa huku taarifa zikisema wamehamia hahitaji kufafanuliwa sana hoja hii. Anajua kwamba historia ya familia yake imo katika vinyambuo vya kitenzi kimoja. Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili unaweza kuanzia kwenye ujuzi huo wa sikio na kumrudishia Muhando sehemu ya kazi yake ambayo orodha za dhamira zimeifunika.